Siti binti Saad (kiasi cha 1880–1950): Mfinyanzi Aliyeipa Taarabu Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Wasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni habari za maisha ya mtu alizoziandika mwenyewe. Watahiniwa wengi huchanganya maneno haya mawili, ilhali mwandishi mmoja wa Tanga ametupatia mfano wa kila kimoja. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliandika maisha yake katika *Maisha Yangu*, na hiyo ni tawasifu. Aliandika pia *Wasifu wa Siti binti Saad*, na jina lenyewe linajieleza. Mwanamke aliyemfanya Shaaban Robert ashike kalamu ndiye tunayemsoma hapa.

Kuzaliwa na malezi

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani kilichoko kusini mwa mji wa Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake alikuwa Mzigua, kabila la mkoa wetu wa Tanga. Wazazi hao walikuwa watu wa tabaka la watumwa, na mtoto wao aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye ukubwani.

Zingatia miaka hapa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria visiwani hadi mwaka 1897. Kwa hiyo Siti alikulia katika nchi ambayo mtu alipimwa kwa ukoo wake, rangi yake na nguo aliyovaa. Kaniki ilikuwa vazi la mtumwa na maskini. Hakupelekwa shule, wala hakujua kusoma na kuandika.

Alichokipata kwa mama yake ni ufinyanzi. Alijifunza kufinyanga vyungu na kuvichoma, kisha akavichukua kichwani kwenda kuviuza. Muuzaji wa kutembeza hana duka, mnada wake ni koo lake. Msichana huyu alinadi vyungu kwa sauti iliyosikika mbali, na watu waliijua kabla hawajamwona mwenyewe. Hivyo mazoezi yake ya kwanza ya uimbaji aliyafanya njiani, akitafuta riziki.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911 Siti aliondoka Fumba akahamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin aliisikia sauti yake, akaamua kumfundisha uimbaji wa taarabu na ala za muziki, kisha akamjulisha kwa wanamuziki wenzake.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, kumbuka taarabu ilivyokuwa. Muziki huu uliingia Unguja katika enzi ya Sultani Barghash, kwa mfano wa Misri. Ulipigwa ikulu na katika nyumba za wakubwa, ukaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Mwanamke, tena wa shamba, tena mwenye asili ya utumwa, hakuwa na nafasi hapo hata kidogo. Siti aliingia kwa kujifunza. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo za Kiarabu alizishika kwa kichwa, neno kwa neno, mpaka akawaimbia wenye lugha yao bila kukosea. Alisoma pia Kurani, na usomaji huo ulimsaidia katika matamshi na pumzi.

Kazi yake ya uimbaji

Siti aliimba pamoja na kikundi chake, ambamo walikuwamo Subeti Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Waliimba harusini, katika karamu za matajiri na mbele ya Sultani. Hata hivyo, makao halisi ya muziki wao yalikuwa Ng'ambo, mtaa wa wavuvi, wachukuzi, mafundi na watu waliotoka utumwani. Nyumbani kwake watu walikusanyika usiku kusikiliza na kuleta habari za mjini. Habari hizo ziligeuzwa nyimbo za Kiswahili.

Hapo ndipo penye mchango wake mkubwa. Wimbo wa Kiarabu ulimburudisha mwenye kuujua, na wengine walisikia sauti tu. Wimbo wa Kiswahili ulimfikia kila mtu, ukamhusu. Siti aliimba mapenzi, lakini aliimba pia dhuluma, rushwa na hukumu zisizo na haki. Mfano mashuhuri ni wimbo wa *Kijiti*, uliotokana na kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliosimama kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa kwa kosa la pombe. Maskini wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kulalamikia, ila waliweza kuimba. Wimbo ulihifadhi kisa hicho mpaka leo.

Umaarufu ulimletea maadui. Wapinzani walimwimbia mafumbo ya kumkumbusha shamba alikotoka na kaniki alizovaa. Walimcheka pia kwamba hana uzuri, na kwamba bila sauti asingekuwa kitu. Siti hakukana asili yake wala hakutukana. Alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba sura na nasaba si sifa ya kujivunia, na kwamba thamani ya mtu ni akili yake. Jibu hilo liliwagusa wengi waliokuwa wakidharauliwa kwa sababu zilezile.

Sahani za santuri

Mwaka 1928 Siti na kikundi chake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya HMV. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa biashara. Sahani zao zilinunuliwa kwa maelfu, na mikahawa yenye santuri ilijaa wasikilizaji. Sauti iliyokuwa ikinadi vyungu sasa ilisikika Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam kwa watu ambao hawakuwahi kumwona.

Kifo na urithi wake

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kifo chake, Shaaban Robert alionana naye akapata habari za maisha yake kutoka kinywani mwake. Wasifu ulichapishwa mwaka 1958. Asiyejua kuandika akapata mwandishi bora wa lugha yake.

Waimbaji wa kike waliomfuata walipita katika mlango alioufungua. Bi Kidude wa Unguja alijifunza kwa kuzisikiliza nyimbo zake. Hapa Tanga, Shakila alivuma na Black Star, kikundi kilichoimba taarabu ya Kiswahili. Nalo jarida la wanahabari wanawake wa Tanzania lilipewa jina *Sauti ya Siti*.

Mambo ya kuzingatia

Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa Siti, asiishie kusema kwamba alikuwa na sauti nzuri. Sauti alikuwa nayo tangu Fumba, na pale ilimuuzia vyungu tu. Yaliyombadilisha ni matatu: kuhama, kujifunza kutoka kwa waliojua, na kuchagua kuimba kwa lugha ya watu wake. Toa hoja, kisha ithibitishe kwa tukio na mwaka.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha wasifu na tawasifu kwa kutumia kazi mbili za Shaaban Robert.
2. Eleza jinsi hali ya jamii ya Unguja ilivyokuwa kikwazo kwa Siti. Toa hoja nne.
3. Kwa nini matumizi ya Kiswahili katika taarabu yalikuwa na faida kwa watu wa tabaka la chini?
4. Andika wasifu wa msanii wa wilaya yako kwa maneno yasiyozidi 250.