Muljibhai Madhvani na Mji wa Kakira

Katika toleo hili la kumbukumbu ya hekalu letu tumeombwa kuandika habari za mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Tumemchagua marehemu Muljibhai Madhvani wa Kakira, nchini Uganda, ingawa hakuwa mtu wa Arusha. Majirani zetu hapa Sombetini hutuuliza, mara kwa utani na mara kwa dhati, kwetu hasa ni wapi. Nao vijana wetu walioko London na Toronto hutuuliza kwa nini sisi bado tuko hapa. Maisha ya mzee huyu yanayagusa maswali yote mawili.

Alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji kimoja cha Saurashtra, jimbo la Gujarat, katika jamii ya Walohana. (Kwa faida ya majirani zetu: hiyo bhai iliyo mwishoni mwa jina lake maana yake ni ndugu, nasi huitia katika jina la mwanamume kwa heshima.) Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 14, alivuka bahari kuwafuata jamaa zake waliokuwa wakifanya biashara Uganda. Njia ya siku zile ilikuwa ni kushuka Mombasa, kupanda gari la moshi hadi Kisumu, kisha kuvuka ziwa kwa meli. Alijifunza kazi katika maduka ya jamaa hao huko Busoga: Iganga, Kaliro, na hatimaye Jinja. Mwaka 1912 reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa, pamba ya Busoga ikapata njia ya kutokea, na wenye maduka wengi wakaingia katika ununuzi na uchambuaji wa pamba. Muljibhai alikuwa miongoni mwao.

Mpaka hapo hatuoni tofauti kubwa kati yake na babu zetu. Duka, kwa hakika, halimfungi mtu. Bidhaa hupakiwa, mlango hufungwa, mwenye duka akahamia mji wa pili penye wateja. Lililombadilisha yeye ni miwa.

Kampuni ya jamaa zake ilikuwa imepata ardhi Kakira, kilomita chache mashariki ya Jinja kwenye barabara ya Iganga. Nanji Kalidas Mehta alikuwa ametangulia kufungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai alifungua cha Kakira mwaka 1930, wakati bei za mazao zilipokuwa zikianguka duniani kote. Mwaka huohuo ndio ilipoanzishwa kampuni ya TPC ya Arusha Chini, ambayo wasomaji wetu wanaijua. Anayeijua TPC anajua pia kwamba kilimo hiki hakikubali mtu wa kupita. Muwa uliokatwa huanza kuharibika mara moja. Usipofika kinuni ndani ya siku moja au mbili, sukari inapotea. Hivyo lazima kinu kiwe pale pale shambani, njia zipitike hata wakati wa mvua, na mafundi na wakataji waishi karibu. Wakishaishi karibu, wanahitaji nyumba, maji, zahanati, na shule ya watoto wao. Na shina linalobaki ardhini huchipua tena, likavunwa msimu baada ya msimu. Ndivyo mji wa Kakira ulivyoota.

Muljibhai alijenga shule na hospitali kwa ajili ya watu wa Kakira, na chuo cha Wairaka, jirani na hapo, kina jina lake mpaka leo. Hata hivyo hatupendi kumfanya mtakatifu. Mashamba makubwa ya zama za ukoloni yalitegemea vibarua waliotoka mbali, wengine West Nile, wengine Rwanda, na ujira wao ulikuwa mdogo. Biashara ya kuchambua pamba nayo ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, hata mwaka 1949 wakulima wa Buganda wakaghasika, wakidai haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Muljibhai alifariki mwaka 1958. Mwaka uliofuata maduka ya Wahindi Buganda yalisusiwa. Mtu anaweza kujiona mwenyeji miaka hamsini, na jirani yake bado akamwona mgeni. Jambo hili wazee wetu wengi walikuwa hawalizungumzi.

Mwanawe Jayant aliendeleza kazi, akaingia pia katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda, akafariki mwaka 1971. Mwaka huo ndio hapa kwetu ilipopitishwa sheria ya kutwaa majengo, na familia nyingi za Arusha na Moshi zikafunga mizigo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Manubhai, mwana wa pili, alitiwa katika gereza la Makindye kwa wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa kutoka nchini. Kiwanda kilichoachwa kilidhoofika mwaka hadi mwaka, mashamba yakameza magugu.

Familia ilikuwa na njia ya kuishi kwingineko, nayo ilikwisha kuitumia. Lakini mwaka 1985 ilirudi. Haikurudi Kampala penye maofisa na benki, ilirudi Kakira, kwenye mitambo iliyoota kutu. Ilianza upya kwa ubia na serikali na kwa mikopo ya kimataifa, hadi baadaye ikazinunua hisa zote. Sisi tulio wafanyabiashara tunajua kwamba hesabu peke yake isingemrudisha mtu mahali kama pale. Manubhai naye amekwisha kufariki, mwaka 2011, na familia inaendelea kuendesha shughuli.

Kipo kitu kimoja ambacho mzee Muljibhai hakukiona enzi zake kwa kiasi cha leo. Maelfu ya wakulima wa Busoga sasa hulima miwa katika mashamba yao wenyewe na kukiuzia kiwanda, nao hubishana nacho kuhusu bei, kama majirani wabishanavyo. Asafiriye kutoka Jinja kwenda Iganga hupita katikati ya miwa hiyo, pande zote mbili za barabara, na si rahisi kutambua ya kampuni inaishia wapi na ya mwanakijiji inaanzia wapi.