Joseph Leidy: Tabibu aliyemtambua dinosaria kwa meno

MENO machache yaliyogeuka mawe ndiyo yaliyomfikia Dk. Joseph Leidy mjini Philadelphia, Marekani, katikati ya miaka ya 1850. Hapakuwa na fuvu wala taya. Kwa meno hayo tu, Leidy alikuwa wa kwanza kuitangazia dunia ya sayansi jamii ya dinosaria ambayo leo hujulikana kwa jina la Tyrannosaurus.

Alizaliwa mjini humo Septemba 9, 1823. Alisomea udaktari, lakini hadubini ilimvuta kuliko wagonjwa. Mwaka 1846 alitilia shaka vidoa vyeupe katika nyama ya nguruwe aliyokuwa akiila, akavipima na kukuta minyoo iliyojikunja. Tangu hapo ikaanza kueleweka kwa nini nyama hiyo sharti iive sawasawa. Mwaka 1853 akawa profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Meno yale hakuyaokota yeye. Yalikusanywa na Ferdinand Hayden, mpelelezi wa miamba, karibu na Mto Judith katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Montana. Husimuliwa kuwa wenyeji wa Kisioux, walipomwona akikimbia na mfuko wa mawe, walimdhania mwendawazimu wakamwacha apite. Meno hupatikana kwa wingi kuliko mifupa kwa sababu wanyama hao waliyadondosha na kuota mengine maisha yao yote.

Mwaka 1856 Leidy alitangaza aina nne za wanyama wa kale kwa kuyachunguza meno hayo. Yale makubwa yaliyopinda, yenye kingo kama za msumeno, aliyalinganisha na ya Megalosaurus wa Uingereza, akampa mnyama wake jina la Deinodon horridus. Deinodon maana yake ni jino la kutisha. Miaka miwili baadaye aliieleza mifupa ya Hadrosaurus kutoka New Jersey, akadokeza kuwa dinosaria aliweza kusimama kwa miguu miwili.

Kisha wakaja matajiri. Edward Cope na Othniel Marsh walianza kushindana kwa fedha na matusi, na visukuku ambavyo Leidy alikuwa akiletewa bure vikawa na bei. Yeye, mtu mpole mwenye mshahara wa ualimu tu, alijitoa. Alirudia hadubini yake, na mwaka 1879 akatoa kitabu kikubwa kuhusu viumbe wadogo wa majini. Alifariki Aprili 30, 1891.

Jina la Deinodon nalo halikudumu. Wataalamu walibaini kuwa meno peke yake hayatoshi kutenganisha Gorgosaurus na Daspletosaurus, walioishi eneo lile lile. Jamii nzima, ambayo Cope aliipa jina kutokana na Deinodon, sasa huitwa kwa jina la Tyrannosaurus, lililotolewa na Henry Fairfield Osborn mwaka 1905, miaka 14 baada ya Leidy kuzikwa.