Bibi Anna Atkins na Chapa za Jua

Niwasimulie, hasa ninyi kaka zetu mliomaliza masomo, habari za Bibi Anna Atkins, Mwingereza, ambaye picha zake mashuhuri hazikupigwa kwa kamera.

Alizaliwa Tonbridge, katika jimbo la Kent, mwaka 1799. Mama yake alifariki yeye akingali mchanga, akalelewa na baba yake, John George Children, mtaalamu wa sayansi katika jumba la British Museum, London. Zama zile wasichana wengi walinyimwa elimu ya sayansi, lakini baba huyo hakumnyima binti yake. Alipotoa tafsiri ya kitabu cha Lamarck juu ya makombe, mwaka 1823, michoro zaidi ya 200 ilikuwa ya mkono wa Anna. Mwaka 1825 aliolewa na Bwana John Pelly Atkins.

Hata mwaka 1842 Sir John Herschel, rafiki wa jamaa ile, akavumbua njia ya kupiga chapa iitwayo sainotaipu. Karatasi hupakwa dawa mbili zenye chuma, mahali pasipo mwanga mkali, ikaachwa ikauke. Juu yake huwekwa jani, na juu ya jani kioo, kisha yote huanikwa juani. Mwisho karatasi huoshwa kwa maji matupu. Palipopigwa na jua huwa buluu iliyokolea. Palipofunikwa na jani hubaki peupe.

Kitabu cha William Harvey juu ya mwani, kilichotoka 1841, hakikuwa na picha. Mwani ni mmea wa baharini, ambao sisi watu wa milima hatuuoni, na nyuzi zake ni nyembamba kama nywele. Kuuchora ni taabu. Basi Oktoba 1843 Anna akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mwani wa Uingereza, kitabu cha kwanza kuwa na picha za jua. Kazi ilichukua miaka kumi. Kurasa karibu 400 zilipigwa chapa kwa mkono, pamoja na maneno yake. Kisha akafanya makangaga, yeye na rafiki yake Anne Dixon.

Alifariki 1871. Lakini katika kitabu alikuwa ametia herufi mbili tu, A.A. Baadaye mtaalamu mmoja alidhani ni kifupi cha maneno yenye maana ya mtu asiyejulikana, na jina la Anna likakaa gizani miaka mingi.

Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tulijaribu njia ile hapa Kigali, kwa kangaga lililochumwa nyuma ya bweni. Mara ya kwanza wingu lilitanda, na rangi yote ikaenda na maji. Mara ya pili tulifanikiwa. Tulipotafuta jina la kangaga letu, tulifungua daftari kuukuu la majani makavu lililomo kabatini. Limetengenezwa kwa uangalifu mwingi, lakini mwenyewe ametia herufi J.N. tu, wala walimu hawamjui.

Ndugu J.N., ikiwa wasoma gazeti hili, tuandikie jina lako kamili. Nitalitia kwa wino juu ya jalada kabla nami sijaondoka shuleni.