Mtoto aliyechelewa mazishi ya baba yake

Jumapili ya leo nakuletea habari za marehemu wawili, baba na mwana, wote wanamuziki wa Marekani. Hawakuwa watakatifu, na siwaleti hapa ili tuige kila walichofanya. Nawaleta kwa sababu ya jioni moja tu, tena jioni iliyopita ndani ya kanisa.

Baba aliitwa Tim Buckley. Alizaliwa mwaka 1947, akajaliwa sauti ya pekee. Alioa akiwa kijana mbichi, na mwaka 1966, akiwa na miaka 19, alitoa albamu yake ya kwanza. Mwaka huohuo, mkewe akiwa mjamzito, aliondoka na kuufuata muziki. Novemba 17 mtoto wa kiume alizaliwa huko California. Baba hakuwepo.

Mtoto huyo ndiye Jeff Buckley. Alilelewa na mama na baba wa kambo, na utotoni alitumia jina la ukoo la baba huyo wa kambo. Mapema mwaka 1975, akiwa na miaka minane, alikwenda kumwona baba mzazi, akakaa naye siku chache. Wakati huo Tim alikuwa na mke mwingine, na alikuwa akimlea mtoto wa mwanamke huyo kama wake. Juni 29 mwaka huohuo Tim alifariki dunia kwa heroini, akiwa na miaka 28. Jeff hakualikwa mazishini.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana jambo hili tunalijua. Msibani husomwa historia ya marehemu, watoto wake hutajwa mmoja mmoja, na nyuma ya turubai amesimama kijana ambaye jina lake halikusomwa. Watu wanamjua, maana sura ni ileile. Hakuna anayemwita aje aweke udongo kaburini. Miaka ikipita, kijana wa namna hiyo huja kwetu mapadre. Haji kudai mirathi. Anauliza kama inafaa kumwombea Misa mtu aliyemtelekeza.

Jeff aliishi na mzigo huo kwa karibu miaka 16. Alirudia jina la Buckley, akajifunza gita, lakini hakupenda kufananishwa na baba yake. Aprili 26, 1991 likafanyika tamasha la kumkumbuka Tim katika Kanisa la Mtakatifu Anna, Brooklyn, jijini New York. Jeff alialikwa. Alikuwa na miaka 24 na hakuwa na jina katika muziki. Alikubali, na baadaye alieleza kwamba kutokwenda mazishini kulikuwa kunamsumbua. Alitaka kutoa heshima zake za mwisho.

Alianza na wimbo ambao baba yake aliutunga juu ya mke na mtoto aliowaacha. Ni kama mtu aliyepewa barua ya kuachwa, akasimama mbele ya watu na kuisoma hadi mwisho, bila kumtukana aliyeiandika. Waliomfahamu Tim walishangaa, kwa maana sauti na sura vilikuwa kama vya marehemu. Katika wimbo wake wa mwisho usiku ule uzi wa gita ulikatika. Hakukatisha. Aliumalizia kwa sauti tupu.

Injili ya Luka inatusimulia juu ya mwana aliyepotea na baba aliyemkimbilia. Hapa aliyepotea ni baba, na mwana ndiye aliyetoka kumlaki. Amri ya nne haikuweka sharti kwamba tuwaheshimu wazazi wema peke yao. Hata hivyo, kuheshimu si kusema uongo. Jeff hakuficha kwamba aliachwa. Aliimba wimbo uliosema hivyo hivyo. Msamaha wa Kikristo huanzia kwenye ukweli, wala haukamiliki kwa siku moja. Baada ya jioni ile bado hakupenda kuulizwa maswali juu ya baba yake. Kidonda kilikuwepo, ila kilikuwa kimeoshwa.

Mwaka 1994 alitoa albamu ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Neema. Ndiyo pekee ya studio aliyoikamilisha. Jioni ya Mei 29, 1997 aliingia kuogelea katika mto Wolf, huko Memphis, akiwa amevaa nguo zake, akazama. Alikuwa na miaka 30. Kama angesubiri hadi hasira imwishe ndipo aende kumuaga baba yake, asingekwenda kamwe.

Wewe baba uliye na mtoto mahali ambapo hukanyagi, bado u hai: mtafute leo, usimwachie kazi ya kukulaki kaburini. Ninyi wanafamilia mnaoandika historia ya marehemu, andikeni majina yote. Nawe mwanangu uliyesimama nyuma ya turubai, njoo parokiani. Misa ya kumwombea baba yako itasomwa, na jina lako litatajwa pamoja na lake. Wala usisubiri hadi moyo uwe mwepesi. Njoo nao ulivyo.