Historia: Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, tajiri wa Kilwa aliyeacha jumba bila kulimaliza

Hapa Congo, mtu akisema Kilwa, wengi wanafikiri ile ya tarafa ya Pweto, kule Haut-Katanga, kando ya ziwa Mweru. Lakini kuna Kilwa nyingine, ya zamani sana. Ni Kilwa Kisiwani, kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi, kusini mwa Tanzania, katika mkoa wa Lindi. Juu ya ngambo ya kisiwa hicho kuna magofu makubwa yanayoitwa Husuni Kubwa. Neno husuni limetoka kwa Kiarabu, maana yake ni ngome. Aliyeijenga ni Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu karibu mwaka wa 1310 hadi karibu 1333.

Al-Hasan alizaliwa katika ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, ambao ulishika utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Babu yake, Al-Hasan bin Talut, ndiye aliyeanza. Habari za kale za Kilwa zinaeleza kwamba mjukuu huyo alisafiri angali kijana, akaenda kusoma dini kule Aden kwa muda wa miaka miwili, kisha akaendelea hadi Makka kuhiji. Aliporudi nyumbani alikuta kiti kinamngoja. Ndugu yake Daudi, aliyekuwa anakilinda, alimwachia bila vita. Kwa watu wanaojua namna urithi wa utawala unavyoweza kugawanya familia moja, hilo si jambo dogo.

Utajiri wake ulitoka mbali. Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nchi ya juu ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kilwa ilikuwa na mkono juu ya Sofala. Kwa hiyo dhahabu na pembe za ndovu zilipita Kilwa kabla ya kuvuka bahari kwenda Arabuni, Uajemi na India, na ushuru ulibaki kwa sultani. Kutoka ng'ambo kulikuja nguo, shanga na vyombo vya China. Sarafu za shaba zenye jina la Al-Hasan zilitumika sana, na moja ilipatikana hata ndani ya magofu ya Great Zimbabwe, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Kilwa. Zipo pia sarafu chache za dhahabu zenye jina lake.

Kwa feza hiyo ndiyo akajenga. Husuni Kubwa ilisimamishwa juu ya mwamba unaotazama bahari, ikiwa na vyumba zaidi ya mia moja. Kulikuwa na ukumbi wa kupokelea wageni wenye ngazi za kukalia, ngazi nyingine za kushukia pwani, na upande wa kusini uwanja mkubwa uliozungukwa na vyumba vya kuwekea bidhaa. Hapa Kibumba watu wanajenga kwa mawe ya volkano. Kule walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyotoka baharini, na matumbawe mengine yakachomwa kuwa chokaa ya kushikanisha kuta. Msikiti mkuu wa Kilwa nao ulipanuliwa wakati wake, ukapata paa la mawe lenye kuba.

Kitu kinachoshangaza zaidi ni birika la kuogea lenye pembe nane, lililojengwa kule juu. Maji yalipaswa kubebwa na watu ili lijae. Mama au mtoto wa Kibumba, anayejua uzito wa bidoni ya lita ishirini mgongoni, anaweza kuelewa jasho lililomwagika ili mkubwa mmoja aoge.

Mwaka wa 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Aliusifu mji, na alimsifu sultani kwa unyenyekevu wake, kwa sababu alikula pamoja na mafakiri na kuwaheshimu watu wa dini. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Msafiri huyo anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani alirudi, akabadilisha nguo, akampa zile. Watu wakamsifu sana. Mwana wa sultani akazichukua tena nguo hizo kwa fakiri, akampa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia namna watu walivyofurahi, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo ndipo hadithi inauma. Wale ishirini walikuwa watu, na majina yao hayakuandikwa popote. Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa anapeleka vita mara kwa mara kwa watu wa bara na kuleta mateka na mali. Karibu miaka mia tano baadaye, misafara ya watu wa pwani ilifika Nyangwe na Kasongo, kule Maniema. Ilileta Kiswahili tunachokisema leo, na ilileta pia minyororo. Ukarimu wa mkubwa unapimwa vizuri zaidi ukiuliza alichotoa kilitoka kwa nani.

Al-Hasan alipokufa, Daudi alitawala. Yeye hakuwa na mkono mwepesi wa kutoa, na waombaji walikaa sana mlangoni pake bila kupata kitu. Husuni Kubwa haikumalizwa. Ilikaliwa muda mfupi tu, kisha ikaachwa. Mwaka wa 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliivamia Kilwa, na nguvu ya mji ikaendelea kushuka.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu Neville Chittick alichimbua magofu hayo, na mwaka wa 1981 UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia. Mwaka wa 2004 yaliandikwa kati ya yale yaliyo hatarini, kwa sababu bahari na mvua vilikuwa vinakula kuta. Baada ya kazi ya kuyatengeneza, yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka wa 2014.

Leo kuta zimebaki, birika halina maji, na dhahabu yote iliyopita pale ilikwisha kwenda. Kwa majimbo ya mashariki, ambako dhahabu inatoka kila siku kwenda mbali, hiyo ni historia ya kufikiria: njia ya mali inaweza kumtajirisha anayeketi mlangoni, huku aliyechimba akibaki bila jina.