Jumatano: Harriet Tubman, Mtunzaji wa Wazee

Soma 1 Timotheo 5:4. Paulo anaanza na watu wa nyumbani: wazazi kwanza. Harriet Tubman, aliyezaliwa utumwani Maryland, Marekani, yapata mwaka 1822, anakumbukwa kwa kuwatorosha watumwa wenzake wapatao 70. Kazi iliyomchukua miaka mingi zaidi ilikuwa nyumbani, na haitajwi sana.

Mwaka 1857 alirudi kuwachukua wazazi wake, Ben na Rit. Walikuwa wazee, wasingeweza kutembea usiku kucha porini kama vijana. Basi akaunda kigari cha kukokotwa na farasi, chenye magurudumu makuukuu, na hatimaye akawafikisha Kanada. Baridi ya huko iliwatesa. Mwaka 1859 akanunua nyumba kwa mkopo mjini Auburn, New York, kwa dola 1,200, akawahamishia huko. Ben alifariki mwaka 1871, Rit mwaka 1880. Ili walishwe, Harriet aliuza mboga na kufuga nguruwe. Rit naye uzeeni alikuwa mwepesi wa kulalamika, hata mbele ya binti aliyemkomboa. Wauguzaji wengi wanalijua hilo, ingawa ni wachache wanaothubutu kulisema darasani.

Tena Harriet mwenyewe hakuwa mzima. Tangu utotoni alikuwa na jeraha la kichwa, kwa chuma alichorusha msimamizi, na usingizi ulimwangusha ghafla katikati ya kazi. Hata hivyo, baada ya mama yake kuzikwa, alibaki na mumewe, Nelson Davis, aliyekuwa na kifua kikuu. Nelson alikuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20, lakini mzee ndiye aliyemuuguza kijana, hadi alipokufa mwaka 1888.

Je, katika darasa lenu yupo mzee anayemuuguza mwenzake? Ni nani humpokea zamu ili alale?

Mwaka 1899 Bunge la Marekani lilipandisha pensheni yake ya ujane kutoka dola 8 hadi 20 kwa mwezi, kwa kuwa aliwauguza askari wakati wa vita. Kwa kuwauguza wazazi na mume hakulipwa kitu. Hata hivyo, mwaka 1896 alikuwa amenunua mnadani ekari 25 kwa ajili ya makao ya wazee weusi maskini. Yalifunguliwa mwaka 1908. Mwaka 1911 yeye mwenyewe akaingia humo kutunzwa, na humo akafariki Machi 10, 1913.