Aldo Leopold: Mwalimu wa Ardhi

Aldo Leopold alizaliwa tarehe 11 Januari, 1887 mjini Burlington, jimbo la Iowa, Marekani. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamili ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1909, aliajiriwa na idara ya misitu ya serikali, akapelekwa Arizona na New Mexico. Huko aliwaua mbwamwitu, akiamini kuwa wakitoweka, kulungu wataongezeka. Imani hiyo aliikana baadaye, alipong'amua kuwa kulungu wasio na adui huila milima hadi ikabaki vipara.

Mwaka 1933 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimteua kuwa profesa wa usimamizi wa wanyamapori. Mnamo 1935 alinunua shamba lililochakaa kando ya Mto Wisconsin, ambapo jengo lililosalia lilikuwa banda la kuku. Hapo yeye, mkewe Estella na watoto wao watano walipanda maelfu ya misonobari. Ukame wa 1936 uliiua miche mingi, wakapanda tena.

Tarehe 21 Aprili, 1948 alifariki kwa mshtuko wa moyo akisaidia kuzima moto wa nyasi katika shamba la jirani. Kitabu chake, A Sand County Almanac, kilichapishwa mwaka 1949, mwenyewe asikione.

Mwaka 1994 kituo cha elimu ya mazingira chenye jina lake kilianzishwa Monona, karibu na Madison, ili watoto wajifunze wakiwa nyikani. Naam, aliyethubutu kukiri kosa lake ameacha shule.